Mkwe Nyuma ya Ukuta

Nyumba ya Wazee,
Uyole, Mbeya.
13 Juni 1976

Mpendwa mjukuu wangu na mume mwenzangu Marcelino,

Kamwene. Nakusalimu kwa mkono mmoja tu, maana wa pili umeikandamiza karatasi isiende na upepo. U hali gani huko Masasi? Chakula je, na usingizi? Nasikia huko watu wanalala bila blanketi, na mimi siamini mpaka unithibitishie wewe. Huku Juni imeingia na meno yake yote. Asubuhi majani ya bustani yanakuwa meupe, na sisi wazee tunaota jua ukutani kama mahindi ya mbegu.

Mimi ni mzima. Magoti yamegoma kidogo. Meno yamebaki manne, mawili juu na mawili chini, na hayakutani. Kaburi la bibi yako nililipalilia mwezi wa tano, nikamkumbusha kwamba alinichagua mimi na siyo wewe, hata kama wewe ndiye mwenye nywele.

Barua yako niliipata, na picha pia. Kwenye picha umekunja uso kama afisa kilimo. Unasomea kuponya watu, usiwatishe.

Uliniuliza swali, kwamba mwalimu wenu amewatuma mtuulize wazee, kutunzwa vizuri ni nini. Nilizunguka na karatasi nikiwauliza wenzangu, kila mtu na lake. Mmoja anataka anyolewe ndevu na mtu asiye na haraka. Bibi mmoja wa upande wa pili anataka uji wake kwenye kibuyu, anasema kikombe cha bati kinamwunguza mdomo na moyo. Na mimi nilikuwa nimeandika langu, kwamba kutunzwa ni kupewa mfupa wenye nyama na kuachwa peke yako. Tayari nilikuwa nacheka mwenyewe. Barua hiyo nimeichana. Limetokea jambo hapa, nimeshtuka mjukuu wangu.

Tuko wazee kumi na wanane, na wahudumu ni wawili, Lusia na Esta. Juu yao yuko Sista Mkuu. Siyo mtu mbaya, ila ana mambo mengi kuliko mikono, na ana daftari. Ukifika hapa anakuandika jina lako la ubatizo basi, majina ya nyumbani anasema yanamchanganya. Wahudumu nao ni hivyo hivyo.

Mwezi wa nne aliletwa mzee mmoja Mnyakyusa, wa huko upande wa Tukuyu, akapewa kitanda karibu na changu, chini ya dirisha. Amepooza upande wa kulia, mdomo umekwenda kando, na maneno yake yanatoka mabichi kama ugali uliopakuliwa mapema. Ameandikwa Danieli, tukamwita Mzee Danieli.

Wa kumhudumia alikuwa Esta. Ni mwanamke wa miaka kama thelathini, Mnyakyusa naye, ana watoto watatu na amepanga chumba Ilomba, kila siku anakuja kwa miguu. Nikwambie ukweli, Marcelino, kama mwalimu wenu anataka kuona kazi aje amwone huyu. Maji anayapima kwa kiwiko. Akiosha mguu mmoja, wa pili ameufunika, kwa hiyo humuoni mtu uchi hata kidogo. Kila baada ya muda anakuja kumgeuza mzee, mgongo usichubuke. Uji anaupuliza. Mzee Danieli alikuwa anafumba macho wakati wote akioshwa, mimi nilidhani anasikia raha, kumbe ni haya, hataki kumtazama mwanamke anayemwosha. Siku moja aliniambia kwa ule mdomo wake, "Mikono ya mtoto yule imelelewa."

Sasa, mimi hapa ni karani. Darasa la tatu nilimaliza, la nne niliingia mlangoni nikatokea dirishani, lakini katika nyumba hii hiyo inatosha. Mzee Danieli akaniomba nimwandikie mwanawe, anafanya kazi kwenye reli huko Mpika, Zambia. Jina la mwana ni Jailos. Akaniambia nitie na jina lake yeye la nyumbani, Asukile, maana mwanawe hamjui Danieli yeyote.

Nikamuuliza kama huyo Jailos ana mke. Anaye, walihama Tukuyu zamani, mwana akaenda Zambia, mke alikobaki mzee hajui. Nikamuuliza kama ni mzuri. Mzee akaniangalia kama nimemtemea mate kwenye sahani.

"Sijamwona uso. Nitamwonaje? Ni mke wa mwanangu."

"Miaka mingapi?"

"Kumi."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikajisemea, huyu ugonjwa umepanda juu.

Baada ya wiki moja Esta akaniletea barua yake nimsomee. Anakwenda kisomo cha watu wazima, ila bado wako kwenye kuumba herufi. Naangalia bahasha, imetoka Mpika. Naangalia chini, Jailos. Mume, barua yangu ikiwa haijamfikia bado, anaandika kwamba amesikia baba yake Asukile anaumwa, tafadhali mkewe amtafute mtu wa kwenda kuulizia. Nilipolitaja lile jina Esta alijiziba mdomo kama ni yeye aliyelisema. Akaniambia, "Babu, ruka hapo. Jina hilo usinisomee."

Umeelewa, Marcelino? Mwanamke alikuwa ananisikiliza na mgongo wake uko futi nne kutoka kwenye kitanda cha huyo anayetafutwa. Hawajuani kwa sababu hawajawahi kutazamana, mmoja anaitwa Danieli na mwingine anaitwa Esta. Jina lake la nyumbani ni Tupokigwe, na hilo mzee angelijua. Kama mdomo wake mzee usingepinda, huenda mkwe wake angeitambua sauti, maana sauti alikuwa anaisikia zamani akiwa nyuma ya nyumba.

Mtu mwenye akili angemwita Esta pembeni. Babu yako aliona amepata mzaha wa mwaka. Niliuweka siku mbili chini ya ulimi kama pipi.

Nikueleze nilivyofikiri, usije ukadhani nina roho mbaya. Kwetu Uhehe mke wa mwana anamheshimu mkwe wake, anapiga goti, anamletea chakula, basi, maisha yanaendelea. Hawa jirani zetu wana yao, mke wa mwana hatazamani na baba mkwe wake, wala jina lake halitaji. Tulipokuwa tunajenga barabara kuu tuliwaona wanawake wa Tukuyu wakimwona mzee fulani anakuja na baiskeli, wanaruka mtaro na mizigo yao kichwani, wanajificha kwenye majani mpaka apite. Sisi wenye sururu tulicheka. Nilidhani mambo hayo kanisa na hospitali vimeshayamaliza. Na zaidi ya yote nilidhani nawaletea furaha.

Alhamisi ya tarehe tatu, saa ya uji. Esta ameinua kijiko. Nikasimama katikati ya chumba, nikatoa sauti ya kusomea matangazo.

"Dada Esta, leo uupulize vizuri zaidi. Huyo unayemlisha ni Asukile, baba yake Jailos wako. Na wewe mzee, mshukuru mke wa mwanao."

Nikangoja wacheke.

Esta hakupiga kelele. Kijiko kilianguka juu ya blanketi. Alimtazama mzee mara moja, moja tu, na uso ule nauona mpaka sasa, kama mtu aliyekanyaga kitu chenye uhai. Kisha akafungua kitenge kiunoni akajifunika kichwa chote, akatoka kinyumenyume, bega likapiga mlango, na tukasikia ndoo za nje zikianguka moja baada ya nyingine. Mzee naye, kwa ule mkono mmoja unaofanya kazi, alivuta blanketi mpaka utosini, uji ungali kwenye ndevu. Hakujifunua mpaka jioni. Wenzangu wakanitazama mimi. 

Lusia aliniambia kwamba Esta amekaa nyuma ya jiko anahesabu. Wiki sita amemvua nguo baba mkwe wake. Amemwosha. Siku mzee alipokataa uji alimpiga kofi dogo la begani, la utani. Amemwambia, "Fungua mdomo, mtoto mzuri." Hilo la mtoto mzuri ndilo lililomtoa machozi kuliko yote.

Basi Esta akakataa kuingia chumba cha wanaume, akabaki kule nyuma ya jiko. Lusia akabaki na wazee wote kumi na wanane. Lusia ni mtu mwema lakini anaosha watu kama anasugua masufuria, na kumgeuza mzee alipata nafasi mara moja kwa siku. Kufika Jumatatu ngozi ya chini ya mgongo, pale juu ya matako, ilikuwa imefunguka. Nilikiona kile kidonda nikajua kimetoka kwenye mdomo wangu.

Jumanne Sista Mkuu akamwita Esta. Akamwambia mgonjwa hana mkwe, mgonjwa ana mhudumu. Aingie kazini kabla ya Jumamosi au aende zake. Esta akajibu kwa adabu kwamba ataenda zake. Na watoto watatu, Marcelino. Alikuwa tayari kurudi kulima kibarua mashamba ya watu kuliko kupita ule mlango.

Hapo nikaona kicheko changu kilivyo kirefu. Nikamwendea mzee, nikasema na blanketi, maana uso haukuwepo.

"Mhehe, umekuja kunimalizia?"

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Lete na mbuzi."

"Sina mbuzi. Nina mdomo tu, na huo ndio uliokosa." Nikamuuliza kama amemkasirikia yule binti. Akafunua blanketi jicho moja.

"Nimkasirikie kwa nini? Amenitunza."

"Alipokuosha?"

"Alipokimbia." Maneno yake yanatoka polepole, nilikaa kitandani nikangoja. "Hapa wote mnaniona. Mnaniona nakula, mnaniona najikojolea. Hakuna anayeniogopa, hata paka. Siku nyingi nilikuwa mzigo uliowekwa kitandani. Yule alipotupa kijiko akakimbia, nikajua bado nina boma. Nina mwana. Nilitoa ng'ombe. Wewe ulidhani nalia kwa aibu chini ya blanketi. Aibu ilikuwepo, lakini haikuwa peke yake."

 Miaka yote nilidhani mtu akitunzwa ni maji, uji na blanketi. Halafu nikajikumbuka mwenyewe. Mama yako aliniomba nihamie kwao Igowole, chumba kipo, chakula kipo, na mimi nikakimbilia hapa kwa masista, kwa sababu siwezi kulala nyumba moja na baba yako Liberatus na kukutana naye asubuhi nimevaa shuka. Ni mkwe wangu. Mbele yake hata kutafuna sitafuni vizuri. Kumbe mimi niliyekuwa nacheka barabarani nami nimeruka mtaro wangu, nikajificha kwenye majani ya Uyole. Mwambie mwalimu wenu hivi, kabla hujamvua mtu nguo, uliza kwanza ni mkwe wa nani.

Jumatano nikamtafuta Esta nyuma ya jiko. Nikamwambia nitamwosha mimi, ila sijui kazi, yeye asimame nje anielekeze.  Akauliza kama dirisha linafungika. Linafungika. Akakubali.

Ungetuona, ungeacha chuo. Mimi ndani na beseni, mikono ya shati nimeikunja. Esta nje, mgongo ukutani, kitenge kichwani, kwenye baridi ile ya asubuhi. Mzee amejifunika uso. Jina lake Esta hawezi kulitaja, na kumwita mgonjwa hataki, kwa hiyo anasema "hapo".

"Babu, maji umeyapima?"

"Nimeyapima."

"Kwa kiwiko?"

"Kwa macho."

"Tia kiwiko."

Nikatia, nikaungua. Nikaongeza ya baridi.

"Mguu wa pili umefunika?"

"Nimefunika."

"Hujafunika. Nasikia unavyokwenda mbio."

Ni kweli nilikuwa sijafunika.

Nilipomgeuza mara ya kwanza nilishtuka tena. Nilijiandaa kwa mzigo wa mtu, nikainua kama koti. Mifupa yake yote nimeishika, Marcelino, na mgongo wangu ni huo huo, ni vile sijauona. Esta akauliza kwa nje kama kuna kitu. Nikamwambia hakuna, ni vumbi.

Kidonda tulikiosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Esta alisokota ngata ya vitambaa, kama ile ya kubebea ndoo kichwani ila kubwa, nikafungua dirisha kidogo, akaipitisha kwa fimbo huku amegeukia bustani. Nikaiweka chini ya mzee, kidonda kikakaa hewani katikati ya duara, hakigusi godoro. Hiyo hakufundishwa na mtu, ameibuni usiku kwake. Iandike kwenye daftari lako. Na kila nikisahau kumgeuza, nasikia mtu anagonga ukuta mara mbili.

Jana ndiyo ilikuwa Jumamosi. Esta alikuja na mfuko wake wa nguo tayari, akauweka pale nje chini ya dirisha, akaanza kuniamuru kama kawaida. Kuosha kulikwenda vizuri. Shati ndilo lililonishinda. Mkono uliopooza unataka akili, na mimi niliuvuta tu.

"Babu, mbona kimya?"

"Shati limegoma. Mkono wake umetokea shingoni, na vifungo vimehamia mgongoni. Sasa sijui kichwa nikipitishe wapi."

 Kisha nje nikasikia kitu kidogo, kama mtu anaziba pua. Esta anacheka ndani ya kitenge. Halafu chini ya blanketi pakaanza kukwaruza, nikadhani mzee amepaliwa, nikainama kumwinua. Naye anacheka. Nilishtuka kuliko siku ya kijiko. Watu wawili wasioweza kutazamana maisha yao yote, mmoja huku na mmoja kule, wanacheka pamoja, ukuta katikati, na wanayemcheka ni mimi. Kila mmoja akisikia mwenzake anaongeza. Nilibaki nimeshika mkono wa shati, sithubutu kujongea nisije nikaharibu tena.

Nilipogeuka, Sista Mkuu yuko mlangoni, daftari kwapani. Sijui amesimama hapo tangu lini. Aliangalia dirisha lililofungwa, akaangalia blanketi linalotikisika, akaniangalia mimi.

"Mzee Bartholomeo, vifungo vinakaa mbele."

Akaja, akamgeuza mzee mwenyewe, akaitoa ngata akaitazama juu na chini, akapitisha kidole kuzunguka kidonda. Akairudisha ngata mahali pake, sawasawa. Akatoka. Nje nasikia Esta anaokota mfuko wake.

Saa sita tukaenda kula, na pale jikoni kuna ubao wa zamu. Umefutwa, umeandikwa upya. Esta, wanawake na jiko. Lusia, wanaume. Na chini ya Lusia, kwa chaki ile ile na mwandiko ule ule wa Sista, "na Bartholomeo". Nilisoma mara tatu. Maishani mwangu jina langu lilipandishwa ubaoni kwa makosa tu. Esta alisoma herufi moja moja mpaka akalipata lake, akautua mfuko kutoka begani, akaanza kuosha sufuria.

Kwa hiyo nina shida nawe ya kazi. Kidonda sasa ni kama shilingi kwa upana. Ukingo umeanza kukauka, katikati bado pekundu, hakinuki. Waulize walimu wako tuendelee na chumvi au tuweke kitu, na je, jua la asubuhi linafaa? Nijibu haraka, na uandike kwa maneno ya kawaida, maana nitamsomea Esta kupitia dirishani. Jailos naye nimemwandikia kila kitu, ila la mtoto mzuri nimeliacha.

Msalimie yeyote anayekupikia huko. Ukimwandikia mama yako Rozalia mwambie nakula vizuri, na baba yako Liberatus mpe heshima zangu kutoka mbali, mbali ndiyo pazuri. Mjomba wako Faustin mwambie lile koti alilonipa linanifaa wakati huu wa baridi. Mzee Asukile anakusalimu, amesema "ndaga fijo", yaani asante sana, na ameniambia nikuulize kama umeshaoa.

Mungu akutangulie katika masomo yako, akupe mikono iliyolelewa.

Ni mimi wako akupendaye,
babu yako Bartholomeo,
mhudumu mpya wa upande wa wanaume.